Midomo kufa ganzi, mayai meusi na tofu inayonuka: nikifika Chengdu niogope nini?

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Chengdu, China, na ninaondoka mwishoni mwa Agosti. Wiki iliyopita wenzangu walinipeleka kwenye mgahawa wa Kichina hapa Dar es Salaam ili nianze kuzoea. Nilikula samaki wa pilipili. Baada ya dakika chache midomo na ulimi vilianza kutetemeka vikafa ganzi, mate yakanijaa, nikajua nimelishwa sumu. Kama nusu saa hivi hali ikaisha yenyewe. Mwaka juzi nilitibiwa vidonda vya tumbo, na kila mtu ananiambia pilipili za huko zitanirudisha hospitali. Mitandaoni nako naona mayai ya miaka mia, tofu iliyooza, wadudu, mbwa. Mimi ni Mwislamu. Mama ameshaanza kunifungia unga na dagaa kwenye sanduku. Je, huko nitakula nini, na kipi hasa cha kuogopa?"

JIBU:

Marahaba mwanangu, na hongera kwa nafasi hiyo. Barua yako ina hofu nne zilizofungwa kwenye kanga moja: sumu, tumbo, kinyaa na haramu. Nikizifungua moja moja utaona kwamba karibu kila ulichokitaja kinatia kinyaa tu, wala hakidhuru. Vile vinavyodhuru kweli hukuvitaja hata kimoja, kwa sababu havinuki, havitishi, na mara nyingine ni vitamu sana.

Tuanze na midomo yako. Ulichokutana nacho ni huajiao, kiungo ambacho bila hicho mpishi wa Sichuan, mkoa ambao Chengdu ndio mji wake mkuu, hajioni mpishi. Si pilipili manga, wala hakina undugu na pilipili kali. Ni ganda kavu la tunda dogo la mti ulio katika ukoo wa michungwa na milimau, ndiyo maana ukilinusa unapata harufu kama ya ganda la ndimu. Mbegu nyeusi ya ndani hutupwa kwa kuwa inakwaruza mdomoni kama mchanga. Kazi yote iko kwenye ganda.

Ndani ya ganda hilo mna kemikali iitwayo sanshuli, ambayo haichomi. Inachezea neva za mguso, hasa zile zinazotuambia kwamba kitu kinatetemeka. Mwaka 2013 watafiti wa University College London waliwapaka watu huajiao midomoni, kisha wakawawekea kidoleni chombo kinachotetemeshwa kwa kasi mbalimbali, wakawaomba waseme ni kasi ipi inafanana na wanachokisikia mdomoni. Majibu yaliangukia kwenye mitetemo 50 hivi kwa sekunde. Midomo yenyewe ilikuwa imetulia tuli, ila neva zilikuwa zinapeleka ubongoni taarifa za mtetemo usiokuwepo. Kwa hiyo wewe hukuwa na wazimu wala hukulishwa sumu. Hali huanza dakika moja au mbili baada ya kutafuna, hupanda, huleta mate mengi, halafu hufifia bila dawa. Mate yale ni sehemu ya raha yenyewe kwa Mchina wa Sichuan: yanaosha mafuta mdomoni na kuuandaa ulimi kwa tonge linalofuata.

Huenda ukasikia mtu akidai kwamba Marekani ilikipiga marufuku kiungo hiki kwa sababu ni sumu. Marufuku ilikuwepo kweli, kuanzia 1968 hadi 2005, lakini walichokuwa wakikilinda Wamarekani ni michungwa yao. Miti ya huajiao inaweza kubeba bakteria wanaoleta ugonjwa wa madoa kwenye michungwa na milimau. Binadamu hawakuhusika. Baadaye waliruhusu kiingizwe kikiwa kimepashwa joto la kuua bakteria hao.

Tena kiungo hiki si mgeni kwetu kiasi hicho. Mjafari unaoota katika nyika za Kenya na Tanzania, ule wenye miiba mikubwa kwenye shina, ni wa jenasi moja na huajiao. Wazee wa pwani na bara wanachemsha magome na mizizi yake kwa homa na kikohozi, na Wamaasai huweka ndugu yake mwingine, oloisuki, kwenye supu ya nyama. Sikushauri ukachume mjafari uutie kwenye samaki, maana miti ya ukoo mmoja haina kemikali zilezile kwa kiasi kilekile. Nataka tu ujue kwamba mti wa namna hii si uchawi wa mbali.

Sasa sikiliza sehemu hii kwa makini, kwa sababu ganzi ya huajiao inaweza kufunika jambo jingine. Mzio wa chakula nao unaweza kuanza kwa mdomo kuwasha. Tofauti ni hii: huajiao hukaa mdomoni na haiendi popote. Ukiona midomo au kope zinavimba, mwili unatoka mabaka yanayowasha, koo linabana, kifua kinapiga filimbi, unatapika mfululizo au unahisi kuzirai, hiyo si huajiao tena. Usisubiri ipite. Nenda hospitali mara moja, na ukiwa China namba ya gari la wagonjwa ni 120. Vyakula vya Sichuan vinatumia karanga, ufuta, soya na kamba kwa wingi, na mara nyingi karanga imesagwa ndani ya mchuzi ambapo huioni. Kama uliwahi kupata mzio wa kimojawapo, hata kidogo, muone daktari kabla ya safari na uwe na kadi iliyoandikwa kwa Kichina ikitaja chakula hicho.

Tuje kwenye vidonda vya tumbo. Wanaokutisha wanakutakia mema, ila wamekamata mkosaji asiye mwenyewe. Sehemu kubwa ya vidonda vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na nyingine kubwa husababishwa na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinazomezwa kiholela. Jambo hili lilikataliwa na madaktari wengi hadi Barry Marshall wa Australia alipoamua kunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 na kuumwa tumbo. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Pilipili haikutajwa kwenye kesi.

Mbona basi inachoma? Kwa sababu kemikali ya pilipili inagusa neva zilezile zinazohisi moto. Neva hizo ziko mdomoni, tumboni na hadi mwisho wa safari, kama utakavyogundua asubuhi. Inachoma pasipo kuunguza. Lakini sitakudanganya: mtu mwenye kidonda ambacho hakijapona, au mwenye kiungulia cha mara kwa mara, atateseka zaidi kwa pilipili kuliko mwenye tumbo zima. Pilipili haikichimbi kidonda, ila inaweza kukiamsha kilicholala.

Na kuna mtuhumiwa mwingine ambaye wageni hawamtazami: mafuta. Samaki uliyemla, nakisia alikuwa shuizhu yu, huletwa kwenye bakuli kubwa akiogelea ndani ya mafuta mekundu yenye pilipili kavu hadi juu. Mgeni akiona bakuli anadhani ni supu. Anachota, anakunywa, anatafuna zile pilipili. Mwenyeji hafanyi hivyo. Yeye anachopoa kipande cha samaki kwa vijiti, anakiacha kichuruze, anakula na wali, na mwisho wa mlo bakuli linabaki na mafuta yote na pilipili zote. Mafuta mengi hulifanya tumbo lichelewe kujimwaga, asidi ikapanda, na lawama ikaenda kwa pilipili. Ukijifunza kuacha mafuta kwenye bakuli, nusu ya matatizo yako ya Chengdu yatakuwa yamekwisha kabla hujafungua kitabu.

Ukizidiwa na ukali, maji hayasaidii, kwa sababu kemikali ile haiyeyuki majini. Maziwa au mtindi husaidia. Wali mkavu nao husaidia. Mwambie muuzaji "bu yao huajiao" kama hutaki ganzi, na "bu la" kama hutaki ukali. "Wei la" maana yake kali kidogo, lakini kidogo ya mtu wa Chengdu ni kubwa, kwa hiyo lichukulie neno hilo kwa tahadhari.

Nikuongezee jambo moja ambalo watu wa huko wenyewe hulisahau. Pilipili kali si asili yao. Ilitoka Amerika kama ilivyokuja kwetu, na maandishi ya Kichina ya mwaka 1591 yanaitaja kama mmea wa kupendezesha macho. Iliingia vyunguni taratibu, ikianzia mkoa wa Guizhou ambako chumvi ilikuwa adimu, ndipo ikaenea Hunan na Sichuan. Huajiao ndiyo ya kale, ilikuwepo miaka elfu kadhaa kabla. Na China ni nchi kubwa: ukienda Guangzhou, kusini, utakuta watu wanaoona pilipili ni kelele. Wao samaki wao huchemshwa kwa mvuke na tangawizi, vitunguu majani na soya kidogo, basi. Mtu anayesema "chakula cha Kichina ni kikali" amekula mkoa mmoja.

Mayai ya miaka mia, au pidan kwa jina lake. Hayana miaka mia. Hayana hata mwaka. Ni mayai ya bata yaliyofunikwa kwa wiki kadhaa hadi miezi michache katika mchanganyiko wa chokaa, majivu, chumvi na majani ya chai, siku hizi mara nyingi ndani ya maji yenye magadi makali badala ya udongo na maganda ya mpunga. Ukali huo wa magadi unapenya ganda polepole. Protini za ute zinajikunjua na kushikana upya, zikawa kama jeli ya rangi ya kahawia inayopitisha mwanga, na kiini kikageuka kijani-kijivu chenye ulaini kama wa krimu. Baadhi ya protini huvunjika zikatoa amonia kidogo na gesi ya salfa, ndiyo ile harufu inayowafanya watu waseme yamelowekwa kwenye mkojo wa farasi. Huo ni uzushi mtupu. Yai limepikika bila moto, na hali ile ya magadi haiwapendezi bakteria wengi.

Tatizo halisi la pidan lilikuwa jingine. Zamani watengenezaji walitia oksidi ya madini ya risasi ili magadi yaingie kwa mpangilio na yai litoke zuri. Risasi ni sumu ya ubongo na figo. Siku hizi viwanda vinavyofuata sheria hutumia madini ya shaba au zinki, na pakiti huandikwa "wuqian", yaani bila risasi. Nunua yaliyofungwa na yenye maandishi hayo, dukani kubwa, na usiyale kila siku. Ukianza, usianze na yai zima kama wale wa kwenye video. Tafuta kipande kilichokatwa juu ya tofu baridi na mchuzi wa soya na siki, au ndani ya uji wa mchele wa Kikantoni, yaani wa watu wa Guangzhou. Uji huo kwa desturi hutiwa nyama ya nguruwe, kwa hiyo wewe utaukwepa, ila tofu baridi na pidan ni halali kwako ikiwa mchuzi ni safi.

Choudoufu, tofu inayonuka, ndiyo inayonifurahisha zaidi. Maarufu ni ile nyeusi ya Changsha, mkoa wa Hunan, na ile ya Shaoxing karibu na Hangzhou. Changsha kuna mgahawa wa kale uitwao Huogongdian, ambako Mao Zedong, mzaliwa wa mkoa huo, alikwenda kuila mwaka 1958. Watu hudhani tofu imeachwa ioze. Mara nyingi tofu yenyewe ni mbichi ya juzi au jana. Kilichozeeka ni maji inamolowekwa, ambayo huchachushwa kwa miezi na uyoga, machipukizi ya mianzi, maharage ya soya na mboga. Bakteria wanavunja protini wakitoa kemikali nyepesi zinazoruka haraka puani. Kisha tofu hukaangwa kwenye mafuta ya moto sana, ikakauka nje na kubaki laini ndani. Harufu nyingi inabaki barabarani na ladha inakuwa ya chumvi na utamu wa nyama. Fikiria mgeni kutoka Chengdu anayepita sokoni kwetu Kariakoo upande wa papa na ng'onda kwa mara ya kwanza. Atafunika pua kama wewe utakavyofunika Changsha, na wote wawili mtakuwa mmekosea kwa sababu ileile.

Hatari yake? Kwa muuzaji mchafu, ipo, kama chakula chochote cha barabarani. Kwa muuzaji mwenye foleni na mafuta yasiyokuwa meusi tii, ni ndogo. Muulize tu kama maji yake yametiwa kamba au nyama, na mafuta ya kukaangia ni ya nini.

Majina nayo yatakutisha bila sababu. "Mchwa wapandao mti", mayi shangshu, haina mdudu hata mmoja: ni tambi za choroko zilizonata nyama ya kusaga. "Biringanya za harufu ya samaki", yuxiang qiezi, hazina samaki. Ni mchuzi wa kitunguu saumu, tangawizi, siki, sukari na pilipili iliyochachushwa, na kwa maoni yangu ndicho chakula bora cha kuanzia Sichuan. "Vipande vya mapafu vya mume na mke", fuqi feipian, kina nyama ya ng'ombe na utumbo, na kimepewa jina la wanandoa waliokuwa wakikiuza Chengdu miaka ya 1930.

Wadudu wapo kweli, ila si chakula cha kila siku cha Wachina. Mkoa wa Yunnan hukaanga funza wa mianzi, Shandong wanapenda nyenje, kaskazini mashariki huchemsha wadudu wa hariri. Nge na vidudu vya ajabu kwenye vijiti, vile vya video za Beijing, vilipangwa hasa kwa ajili ya watalii, na soko la usiku la Donghuamen lililovipa umaarufu lilifungwa mwaka 2016. Kama kwenu mnakula senene au kumbikumbi, sina la kukufundisha hapa. Kama una mzio wa kamba, uwe mwangalifu na wadudu wote, kwa kuwa protini zao zinafanana.

Mbwa: huliwa katika sehemu chache, hasa Guangxi, Guizhou na miongoni mwa Wakorea wa kaskazini mashariki, na Wachina wengi hawajamgusa maisha yao yote. Shenzhen ilipiga marufuku kuliwa kwa mbwa na paka kuanzia Mei 2020, na mwezi Februari mwaka huohuo taifa zima lilipiga marufuku biashara na ulaji wa wanyama pori wa nchi kavu. Hakuna atakayekubambikia.

Sasa hatari za kweli.

Ya kwanza ni uyoga wa pori wa Yunnan. Marafiki watakualika likizo ya kiangazi uende Kunming ukale uyoga, nao ni mtamu kupita maelezo. Kuna mmoja, jianshouqing, unaogeuka buluu ukikatwa. Ukiupika nusunusu utaona watu wadogo wakicheza ukutani, na wenyeji wanalizungumza hilo kwa mzaha. Mzaha usikuhadae, maana msimu huohuo kuna uyoga mweupe mzuri unaoua ini. Mtu huula, hukaa saa sita hadi kumi na mbili au zaidi bila dalili, huharisha na kutapika, hupata nafuu, akadhani amepona wakati ini linakufa. Kula uyoga wa pori kwenye mgahawa unaojulikana tu, uive mpaka saa waliyokuwekea mezani ilie, na usikubali uliochumwa na rafiki mlimani. Ukihisi lolote baada ya kuula, nenda hospitali hata kama umepata nafuu.

Ya pili ni samaki mbichi wa maji baridi. Shunde, Guangdong, wana sahani nzuri ya vipande vyembamba kama karatasi vya samaki wa bwawa asiyepikwa. Na mikoa ya mashariki wana kamba na kaa walioleweshwa kwa pombe, ambao kwako ni haramu kabla hata hatujafika kwenye afya. Samaki wa mito huko hubeba minyoo ya ini, na kaa hubeba minyoo ya mapafu. Pombe, siki na pilipili haviwaui. Wanaokula huwa hawaumwi kesho yake, huumwa miaka baadaye, ndiyo maana utasikia "sisi tumekula tangu utoto". Kataa kwa upole.

Ya tatu inahusu ule unga wa mama yako. Oktoba 2020, familia moja huko Jixi, mkoa wa Heilongjiang, ilikula tambi za mahindi yaliyochachushwa zilizokuwa kwenye friza muda mrefu. Watu tisa walikufa. Sababu ni sumu iitwayo asidi bongkreki, inayotengenezwa na bakteria kwenye nafaka iliyoloweshwa na kukaa. Haina harufu, haina ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Miaka mitano kabla, Januari 2015, sumu hiyohiyo iliwaua watu 75 Chitima, Msumbiji, waliokunywa pombe ya kienyeji ya mahindi. Nchini China inapatikana pia kwenye mu'er, uyoga mweusi mkavu kama masikio, ambao wanafunzi hupenda kuuloweka asubuhi na kuupika kesho yake. Uloweshe saa mbili tatu, ndani ya friji kukiwa na joto, upike siku hiyohiyo, mabaki tupa. Na kama utataka togwa au uji wa kuchachusha chumbani, kwenye joto la Chengdu la Agosti, naomba uache.

Huoguo, chungu cha moto cha mezani, nacho kina mtego mdogo. Chungu ni salama kwa kuwa kinachemka. Makosa hufanyika kwenye vijiti: mtu anashika nyama mbichi, anaitumbukiza, kisha anakula kwa vijiti vilevile. Omba jozi ya pili. Ule mchuzi wa kuchovyea wa mafuta ya ufuta na kitunguu saumu hupoza ukali, na huenda ufuta wenyewe ulitoka Lindi, maana China ndiyo mnunuzi mkubwa wa ufuta wetu.

Kuhusu halali, kuwa mkali na swali lako kuliko unavyofikiri. Mtego wako hauko kwenye sahani ya nyama, uko kwenye sahani ya mboga. Migahawa mingi hukaanga mchicha na kabichi kwa mafuta ya nguruwe kwa sababu yananukia, na supu ya tambi huchemshwa kwa mifupa yake. Neno "rou" likiandikwa peke yake kwenye menyu humaanisha nyama ya nguruwe. Pombe ya kupikia huingia kwenye samaki ili kuondoa shombo. Mapo tofu, sahani ya Chengdu tangu 1862, kwa asili ilikuwa na nyama ya ng'ombe ya kusaga, lakini wengi leo wanatia nguruwe.

Tafuta herufi za "qingzhen", yaani halali, mara nyingi kwenye kibao cha kijani. Waislamu wa China, hasa Wahui na Wauyghur, wana upishi wa karne nyingi ambao hata wasio Waislamu wanaupanga foleni. Tambi za ng'ombe za Lanzhou, zinazovutwa kwa mikono mbele yako, zina supu nyepesi, figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili, giligilani na majani ya kitunguu saumu. Pilipili unaweza kukataa. Xi'an wana yangrou paomo, ambapo unapewa mkate mgumu uumege mwenyewe vipande vidogo kama punje za mahindi, kisha wanaumiminia supu ya kondoo. Xinjiang wana mishikaki ya bizari nyembamba na polo, wali wa kondoo na karoti ambao ni ndugu wa pilau yetu kwa jina na kwa damu. Chengdu kuna Msikiti wa Huangcheng karibu na uwanja wa Tianfu, na pembezoni mwake kuna migahawa. Vyuo vikuu vingi vina kantini ya qingzhen. Waandikie ofisi ya wanafunzi wa kigeni sasa uulize kama chako kinayo na ikoje umbali wake na bweni. Mimi kwa wiki za mwanzo ningeishi humo, nikiongeza nyanya na mayai ya kukaanga na viazi vya kukata nyuzinyuzi, kisha nikapanda ngazi za ukali polepole tumbo likiwa limetulia.

Mwambie mama asihangaike na dagaa. Samaki wadogo wakavu na kamba wakavu wanauzwa katika kila soko la huko. Unga wa mahindi upo pia madukani, wa njano zaidi. Asikufungie nyama, hata iliyokaushwa, wala matunda mabichi wala mbegu, kwa sababu forodha ya China itavitwaa uwanjani. Nafasi ya sanduku aweke bizari anazopenda na sufuria ndogo.

Lililobaki ni tumbo, na hilo siwezi kulimaliza kwa maandishi. Hukusema kama baada ya matibabu ya mwaka juzi ulipimwa tena kuhakikisha bakteria wameisha. Watu wengi hawapimwi, wanaona maumivu yamekwisha basi. Nenda hospitali uombe kipimo cha H. pylori cha pumzi au cha choo, kwa kuwa kile cha damu hubaki kuonyesha hata bakteria wakishakufa. Kama unameza omeprazoli, mweleze daktari, kwa kuwa inatakiwa isimamishwe wiki mbili kabla ya kipimo. Ukikutwa nao, dawa kwa kawaida ni siku 14, kisha hungojewa angalau wiki nne ndipo upimwe tena. Jumlisha hayo yote urudi nyuma kutoka mwisho wa Agosti, utaona muda si mwingi. Na kama hata leo unapata choo cheusi kama lami, unatapika damu, unapungua uzito bila sababu au maumivu yanakuamsha usiku, usingoje ratiba hiyo. Hilo ni la kumwona daktari kesho asubuhi.